Tubishe Hodi Bodi ya Shule

Wazazi wenzangu, na ninyi watoto mnaosoma nasi jarida hili,

Katika mikutano yetu miwili iliyopita tumezungumzia jambo moja tu: shule yetu ya Jumamosi imejaa. Madarasa mawili yanakaa chumba kimoja. Wadogo wanaimba a-e-i-o-u upande huu, wakubwa wanajaribu kusoma hadithi upande ule, na bado zipo familia zinazongoja nafasi. Pendekezo lililoungwa mkono na wengi ni kwamba tuchangishane fedha tununue jengo letu wenyewe.

Mimi naomba kutofautiana. Napenda sana tuwe na mahali petu, lakini naona tunataka kuanza na kazi ya mwisho. Kabla hatujachanga hata dola moja ya jengo, twende kwenye bodi za shule za wilaya tunakoishi, tuziombe kile ambacho tayari zina mamlaka ya kutupa: nafasi ya kusomea, na Kiswahili ndani ya shule za umma.

Najua kwa nini wazo hili halimjii mtu haraka. Neno "bodi" linatupotosha. Waliotoka Kenya wanapolisikia wanafikiria bodi ya usimamizi ya shule moja, ambayo hushughulikia karo ya bweni, ukarabati na nidhamu, huku walimu wakiajiriwa na tume iliyoko Nairobi. Waliotoka Tanzania wanafikiria kamati ya shule, ile inayoita wazazi kuchangia madawati na kusomba mawe. Kijiji kinaweza kujenga kuta kwa nguvu zake, lakini shule haiwi shule mpaka wizara iisajili. Waliotoka Congo wamezoea kwamba shule nyingi zinaendeshwa na makanisa kwa makubaliano na serikali, na wanakumbuka miaka ambayo mzazi alimlipa mwalimu kutoka mfukoni mwake, kabla ya elimu ya msingi kutangazwa kuwa bure mwaka 2019. Kote huko mzazi hutoa jasho na fedha, na uamuzi hutoka juu.

Hapa Minnesota bodi ya shule ni kitu kingine. Bodi moja haisimamii shule moja, inasimamia shule zote za wilaya. Sheria ya jimbo inaikabidhi bodi hiyo uangalizi, uendeshaji na udhibiti wa shule hizo. Bodi ndiyo inayomwajiri mkurugenzi wa wilaya, inapitisha bajeti, inaamua masomo gani yafundishwe, inanunua au kuuza majengo, inafungua shule na inafunga shule. Wajumbe wake huchaguliwa kwa kura na watu wa wilaya hiyo kwa vipindi vya miaka minne. Wengi wao ni watu wa kawaida wenye kazi zao: muuguzi, mwalimu mstaafu, mhasibu. Unaweza kukutana nao dukani.

Mamlaka hayo yana mipaka, na ni vizuri tuijue ili tusiombe visivyowezekana. Bodi ikitaka kukopa fedha nyingi kwa kuuza hati fungani ijenge jengo jipya, kwa kawaida lazima iwaulize wapiga kura kwanza, maana deni hilo hulipwa kwa kodi ya nyumba. Miradi mikubwa ya ujenzi pia hupitiwa na kamishna wa elimu wa jimbo. Bodi ikitaka kufunga shule, lazima iitishe kikao cha hadhara wananchi wasikilizwe. Lakini kufungua shule ndani ya jengo ambalo wilaya tayari inalo, au kuanzisha somo jipya ndani ya shule iliyopo, ni jambo ambalo bodi inaweza kuliamua yenyewe, katika mkutano wa wazi, kwa kura za wajumbe walio wengi. Katika bodi yenye wajumbe saba, kura nne zinatosha.

Wanaosema haya ni ya vitabuni tu, waende St. Paul wakatazame. Wilaya ya shule za St. Paul ina shule za umma ambazo masomo yake hufundishwa kwa Kihispania, kwa Kifaransa na kwa Kichina. Ina shule ya Wahmong, watu waliokuja hapa wakiwa wakimbizi kutoka Laos baada ya vita, kama wengi wetu tulivyokuja baada ya vita vyetu. Na mwaka 2023 wilaya hiyo ilifungua shule ya msingi ya Afrika Mashariki, inayoitwa kwa Kiingereza East African Elementary Magnet School. Ni shule ya umma, haina karo. Lugha zinazopewa nafasi hapo ni Kisomali, Kioromo, Kiamhara, Kitigrinya, Kiarabu, na Kiswahili.

Naomba msisome sentensi hiyo ya mwisho harakaharaka. Kiswahili kimeingia katika shule ya umma ya Marekani kwa uamuzi wa bodi ya shule, na fedha zinazokiendesha ni zile zile zinazoendesha hesabu na sayansi.

Mambo mawili kuhusu shule hiyo yanatufundisha. La kwanza ni jengo. Haikujengwa mpya. Desemba 2021 bodi ya St. Paul ilipiga kura kufunga na kuunganisha baadhi ya shule kwa sababu wanafunzi walikuwa wamepungua. Moja ya majengo yaliyobaki tupu lilikuwa la shule ya msingi ya Jackson, mtaa wa Frogtown, na humo ndimo shule ya Afrika Mashariki ilipofunguliwa. Sisi tunataka kujitwisha mkopo wa jengo katika miji ambayo wilaya zake zina madarasa yasiyo na watoto.

La pili ni sababu. Bodi haikuamka siku moja ikatuonea huruma. Wilaya ilikuwa inapoteza watoto wa Afrika Mashariki, familia zikihamia shule za mkataba. Mnajua kwamba Minnesota ndilo jimbo la kwanza Marekani kupitisha sheria ya shule hizo, mwaka 1991, na kwamba ya kwanza, City Academy, ilifunguliwa St. Paul kwenyewe mwaka 1992. Fedha za jimbo humfuata mwanafunzi. Kiwango cha msingi ni zaidi ya dola 7,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Watoto thelathini wakihama, wilaya imepoteza zaidi ya dola 210,000. Wakirudi, fedha zimerudi nao. Basi tunapokwenda mbele ya bodi hatuendi kuomba sadaka. Tunakwenda na watoto wetu, na hilo ndilo jambo ambalo kila bodi inalihesabu kila mwaka.

Sasa nije kwa wanaopinga, kwa sababu hoja zao nimezisikia na baadhi zina uzito.

Wapo wanaosema shule ya Jumamosi inatosha. Tupige hesabu. Tunasoma saa mbili kila Jumamosi, Jumamosi kama thelathini kwa mwaka. Hizo ni saa 60, na hapo sijatoa siku za theluji na siku za harusi. Sheria ya Minnesota inataka mtoto wa darasa la kwanza hadi la sita awe shuleni angalau saa 935 kwa mwaka. Saa 60 za Kiswahili zinashindana na saa 935 za Kiingereza, na baada ya hapo kuna televisheni na simu. Walimu wetu wa kujitolea wanafanya kazi kubwa, na hakuna anayeweza kuwalipa wanachostahili. Lakini tunawaomba wajaze pipa kwa kijiko. Hata nusu saa kwa siku ndani ya shule ya kawaida, kwa siku 165 tu, ni zaidi ya saa 82. Hizo ni nyingi kuliko zetu zote za mwaka, na mtoto hapotezi Jumamosi yake.

Wapo wanaosema sisi ni wachache na tumetawanyika: wengine St. Paul, wengine Minneapolis, wengine vitongojini, kila mtu na wilaya yake na bodi yake. Ni kweli, na hilo ndilo gumu kuliko yote. Lakini Minnesota inamruhusu mzazi kuomba nafasi ya mtoto wake katika shule ya wilaya nyingine. Hatuhitaji bodi zote. Tunahitaji bodi moja ikubali, kisha familia za wilaya jirani zijipange kupeleka watoto. Na mwenye kuona St. Paul panafikika anaweza kuuliza nafasi katika ile shule iliyokwisha kufunguliwa, bila kungoja mkutano wowote.

Wapo wanaosema afadhali tuanzishe shule yetu ya mkataba, tuwe na uongozi wetu. Siwalaumu. Lakini shule ya mkataba inataka msimamizi aliyeidhinishwa na jimbo, bodi yake yenyewe, mhasibu, bima, mkataba wa jengo, walimu wenye leseni na watoto wa kutosha tangu siku ya kwanza. Sisi tumeshindwa kumpata mtu wa kushika daftari la michango kwa mwaka mzima. Tuanze na kile tunachoweza kukibeba.

Na wapo wanaosema shule ya umma haitafundisha Kiswahili chetu, itafundisha Kiswahili cha mabango na siku ya vyakula. Hoja hii naiheshimu. Hata katika shule ya St. Paul, mtoto hasomi hesabu kwa Kiswahili. Masomo makuu ni kwa Kiingereza na lugha zetu zina vipindi vyao. Shule ya umma pia haifundishi dini, wala haitamfundisha mtoto namna ya kumwamkia bibi yake wa Kigoma au wa Mombasa. Kazi hiyo itabaki kwetu nyumbani na katika shule ya Jumamosi. Ndiyo maana sisemi tuifunge. Nasema tuipunguzie mzigo. Mtoto akijua kusoma na kuandika kutoka shuleni, Jumamosi itakuwa ya methali, mashairi, mazungumzo na wazee, badala ya kurudia silabi zile zile kila Septemba.

Basi tuombe nini? Mimi napendekeza mambo matatu, kwa mpangilio huu.

Kwanza, vyumba. Wilaya nyingi hapa zina idara ya elimu ya jamii ambayo hukodisha au kutoa madarasa kwa vikundi vya wananchi jioni na mwisho wa wiki. Ombi hili ni dogo, halihitaji hata kura ya bodi, na litamaliza tatizo la chumba kimoja huenda kabla ya majira ya baridi. Pia litatufanya tujulikane kwa mkuu wa shule na kwa wafanyakazi wa wilaya.

Pili, somo. Tuiombe bodi ianzishe Kiswahili kama somo la lugha katika sekondari moja, kama Kihispania na Kifaransa vilivyo masomo. Tangu mwaka 2014 sheria ya Minnesota inaruhusu mwanafunzi wa sekondari anayethibitisha kwa mtihani kwamba anaimudu lugha nyingine pamoja na Kiingereza apewe muhuri wa lugha mbili, na vyuo vya umma vya mfumo wa Minnesota State humhesabia muhuri huo kama masomo ya chuo. Vijana wetu wanaozungumza Kiswahili kila siku wanaacha fedha za chuo mezani kwa sababu hakuna aliyewaambia waombe mtihani.

Tatu, baada ya hayo mawili kusimama, shule au mkondo wa Kiswahili katika shule ya msingi iliyopo. Hapo ndipo tutakapohitaji kura za bodi, na tutakuwa tumeshaonyesha kwamba tukipewa kitu tunakitunza.

Njia ya kwenda ni hii. Mikutano ya bodi ni ya wazi kwa sheria, na ratiba hutangazwa. Katika bodi nyingi kuna muda wa wananchi kusema. Unajiandikisha kabla, unapewa dakika mbili au tatu. Huhitaji kuwa raia ili uzungumze, na mkalimani anaweza kuombwa mapema. Anayeogopa kusimama mbele ya kamera aandike barua. Ninapendekeza tusiende mmoja mmoja na malalamiko kumi. Twende watu ishirini na ombi moja, tupange wasemaji watatu, na wengine wakae wakionekana.

Lakini kabla ya mkutano wowote kuna karatasi, na hapa nasema na kila nyumba. Unapomwandikisha mtoto shule ya umma, hujaza fomu inayouliza mtoto alianza kuzungumza lugha gani, na lugha gani hutumika nyumbani. Wengi wetu tunaandika Kiingereza. Tunaogopa mtoto atawekwa kwenye darasa la wanaojifunza Kiingereza na kubaki nyuma. Ukweli ni kwamba fomu peke yake haimweki mtoto darasa lolote. Hupimwa kwanza, na anayekijua Kiingereza hubaki na wenzake. Lakini ukiandika Kiingereza, mtoto wako anaondoka kwenye hesabu. Siku tutakaposimama na kusema tuna watoto mia mbili wa Kiswahili, mjumbe atafungua takwimu za wilaya akute arobaini. Tutaonekana waongo, na waliotupunguza ni sisi wenyewe. Kama nyumbani mnazungumza Kiswahili, andikeni Kiswahili. Kama ni Kibembe au Kinyarwanda pamoja na Kiswahili, semeni hivyo.

Kisha kura. Waliopata uraia na wamefika miaka 18 wanaweza kumchagua mjumbe wa bodi, na uchaguzi huu ndio watu wengi huuruka kwa sababu jina liko chini kabisa ya karatasi. Kura hiyo hiyo ndiyo huamua kodi za shule: Novemba 2024 wapiga kura wa St. Paul walikubali kuongeza kodi kwa ajili ya shule zao. Tukipiga kura za rais na kuacha za shule, tumechagua mtu wa mbali na kumwacha anayeamua mtoto wetu akae darasa gani. Na mtu wa miaka 21 mwenye haki ya kupiga kura anaweza kugombea mwenyewe. Sioni kwa nini jina la Kiswahili lisiwe kwenye karatasi hiyo.

Nimalizie upande wa pili wa mamlaka haya, maana ndio unaonitia wasiwasi. Bodi inayoweza kufungua inaweza pia kufunga. Jengo la Jackson lilikuwa tupu kwa sababu shule iliyokuwamo ilifungwa, na kulikuwa na familia zilizoumia. Tukipewa darasa la Kiswahili lenye nafasi 25 tukapeleka watoto tisa, litafutwa baada ya miaka miwili, na bodi itakayofuata itasema: tuliwapa, hawakuja. Kwa hiyo asisaini mtu ombi hili kama hana nia ya kumhamisha mtoto wake. Jina bila mtoto litatuumiza kuliko kukaa kimya.

Na ninyi watoto, mna kazi pia. Wajumbe wa bodi wamezoea kusikia wazazi. Mtoto wa miaka kumi na mbili akisimama na kueleza kwa dakika mbili kwamba anaweza kuongea na babu yake kwa simu lakini hawezi kusoma barua yake, watamsikiliza. Atakayependa kusema amwambie mwalimu wake wa Jumamosi. Tutamsaidia kuandika, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza.

Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi si wageni tena hapa. Wengine tuna miaka ishirini, tunalipa kodi, na watoto wetu wamezaliwa katika hospitali za hapa. Jembe la nchi hii, kwa upande wa shule, liko katika chumba cha mikutano cha bodi.

Katika mkutano wetu ujao nitatoa hoja kwamba mchango wa jengo usimame kwa mwaka mmoja, na badala yake tufanye mambo mawili: tuorodheshe kila mtoto na wilaya anayoishi, na tuchague watu watatu wa kuomba vyumba vya Jumamosi kwenye idara ya elimu ya jamii. Anayeona nimekosea aje na hoja yake. Anayekubali aje na majina ya watoto wake na jina la wilaya yake kwenye karatasi.